Mwanahabari wa Kweli na wa Bandia katika Barua Pepe

Ombi la mahojiano kutoka kwa mwanahabari asiyejulikana si kioja Eldoret. Wakimbiaji wa kambi za Kaptagat na Iten, madaktari wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Moi hutafutwa na vyombo vya habari vya ndani na vya ng'ambo. Mazoea hayo ndiyo mwanya wa tapeli.

Wengi hutazama anwani kwanza, lakini anwani peke yake haikati shauri. Anwani za gazeti kubwa kwa kawaida huishia kwa jina la tovuti yake, na tapeli huliiga kwa kubadili herufi moja au kupachika kistari. Hata hivyo, wapo waandishi wa mashinani wanaojitegemea, wanaolipwa kwa kila habari na kutumia Gmail kama watu wengine. Haraka nayo si ushahidi, kwani mwandishi wa kweli pia ana saa ya kufunga ukurasa.

Kipimo kikubwa zaidi ni kile kinachoombwa. Mwandishi hutaka maelezo, picha na miadi. Hana kazi na nenosiri la mtu, wala nambari ya siri iliyotumwa kwenye simu yake. Mkimbiaji anayedaiwa ada kwa M-Pesa ili makala yake ichapishwe anauziwa tangazo, kama si kuibiwa.

Mapema mwaka 2020, Reuters iliripoti kisa cha msomi mzaliwa wa Iran aishiye Ujerumani. Aliandikiwa kwa jina la Farnaz Fassihi, kana kwamba ombi limetoka Wall Street Journal. Fassihi ni mwandishi wa kweli, ila alikuwa ameshahamia New York Times. Barua iliyofuata ilimtaka msomi huyo aingize nenosiri la Google ili ayaone maswali. Hapo ndipo hila ilipojianika: maswali ya mahojiano hayafunguliwi kwa ufunguo wa mhojiwa. Watafiti waliihusisha mbinu hiyo na wadukuzi wa Iran waitwao Charming Kitten.

Uthibitisho hutafutwa nje ya barua yenyewe. Nambari iliyo chini ya barua ni ya aliyeiandika. Ya chumba cha habari ichukuliwe kwenye tovuti ya chombo husika, kisha mhariri aulizwe kama amemtuma mtu huyo. Anayejitegemea hujulikana kwa makala zake za awali. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, lililo chini ya sheria ya 2013, huwapa wanahabari vibali vya kila mwaka, na jina laweza kuulizwa huko. Picha ya kadi iliyoambatishwa haitoshi, maana kughushi picha ni kazi ya dakika chache.

Barua ya ulaghai isifutwe. Ipelekwe kwa wapelelezi wa DCI ikiwa kama ilivyofika, kwa kuwa sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018 inaadhibu wizi wa utambulisho na hadaa za kunasa nenosiri.