Tuandikiane vizuri, tusafiri salama: maelezo kwa wenye ndugu Jinja, Budondo na Mbale



Wengi wetu hapa Kiryandongo tuna jamaa upande wa mashariki wa Uganda. Wakenya waliokimbia ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 walipokelewa kwanza Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha katika mwaka 2008 wakaletwa huku. Jamaa hawakwenda wote njia moja. Wapo waliobaki kwa shangazi, wapo waliofuata kazi za vibarua, wapo wasichana walioolewa huko. Wakazi wengine wana watoto wanaosoma Jinja au Mbale.

Siku hizi simu zipo na barua pepe ipo. Hata hivyo watu bado wanapoteana, wanakosa mahojiano, na wanalipa nauli mara mbili. Mara nyingi sababu si umbali. Sababu ni barua iliyoandikwa haraka, saa iliyoeleweka vibaya, au safari iliyoanza bila karatasi. Maelezo haya yanaonyesha namna ya kuepuka hasara hizo.

BARUA ISIYOSAIDIA

Soma barua hii fupi, ambayo kijana anampelekea mama yake mdogo aliyeko Budondo:

"Shikamoo mama mdogo. Sisi wazima. Nakuja wiki ijayo, nitafika saa tatu. Nipokee kule Bujagali kwenye maporomoko. Mengine tutaongea."

Salamu ni nzuri, lakini barua ina makosa manne.

Kwanza, "wiki ijayo" ni lini? Barua ikichelewa siku tano kusomwa, wiki ijayo imeshakuwa wiki hii.

Pili, "saa tatu" ni ya asubuhi au ya usiku?

Tatu, maporomoko ya Bujagali hayapo tena. Yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme mwaka 2011. Anayeelekezwa kwa alama ya zamani atazungushwa na bodaboda na kulipa zaidi.

Nne, mama mdogo hajui mgeni anakaa siku ngapi, wala ampigie nani asipomwona.

Barua hiyo hiyo ingeandikwa hivi:

"Shikamoo mama mdogo. Sisi sote wazima, bibi naye amepata nafuu. Nataka kuja Budondo kuwaona. Nitaondoka hapa Jumanne tarehe 14, nilale Kampala kwa rafiki, na Jumatano tarehe 15 niwe stendi ya Jinja kabla ya saa sita mchana. Nitakaa siku nne, nirudi Jumapili tarehe 19, kwa sababu Jumanne inayofuata kuna mgao. Simu yangu ikizima, mpigie kaka, anajua safari yangu yote. Tafadhali nijibu kabla ya Ijumaa kama siku hizo zinakufaa. Usipojibu sitaanza safari."

Na jibu la mama mdogo:

"Marahaba mwanangu. Siku hizo zinafaa, ila Jumatano nina kazi hadi saa nane. Ukifika Jinja usipande boda peke yako. Kaa hapo stendi, binamu yako atakufuata. Njoo na karatasi zako zote. Msalimie bibi."

Barua mbili tu, na kila mtu anajua la kufanya. Ukiandika juu ya safari, taja mambo haya matano: siku na tarehe, saa, mahali pa kukutana, siku ya kurudi, na mtu wa pili wa kupigiwa simu.

SAA NA TAREHE

Hapa ndipo wengi wanapopata hasara kubwa. Sisi tunaosema Kiswahili tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Waganda na Wasoga nao huhesabu vivyo hivyo. Lakini ofisi, hospitali na mashirika huandika saa za kizungu. Karatasi ikisema 9:00 asubuhi, hiyo ni saa tatu asubuhi. Mtu akiona tarakimu 9 akaja saa tisa alasiri, atakuta amekwisha kuitwa na faili lake limefungwa kwa siku hiyo.

Kanuni ni rahisi: ongeza au punguza sita. 8:00 asubuhi ni saa mbili. 10:00 asubuhi ni saa nne. 2:00 mchana ni saa nane. Ukiwa na shaka, mwulize mwandishi wa karatasi akuonyeshe kwenye saa yenye mishale.

Angalia pia usiku. Basi linaloondoka 1:00 usiku wa Jumanne kwa hesabu ya kizungu ni saa saba usiku wa kuamkia Jumanne. Ukienda stendi Jumanne jioni, basi liliondoka jana yake usiku.

Ukiandikiana na walio mbali, kumbuka nchi hazina saa moja. Uganda, Kenya na Tanzania ziko sawa. Goma na Bukavu ziko nyuma yetu kwa saa moja. Sudan Kusini nayo ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021, kwa hiyo Juba si sawa na Kampala tena.

Tarehe za tarakimu tupu pia hudanganya. Kwetu 04/05 ni tarehe 4 Mei. Ndugu aliyeko Marekani ataisoma kama Aprili 5. Andika jina la mwezi.

MAZOEA MEMA YA BARUA PEPE

Barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ilitumwa mwaka 1971 na Mmarekani Ray Tomlinson, ndiye aliyechagua alama ya @. Siku hizi vyuo, wafadhili wa masomo na ofisi nyingi hujibu kwa barua pepe peke yake. Kwa hiyo anwani yako ni kama mlango wa nyumba yako. Itunze.

1. Uwe na anwani moja. Tumia jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Anwani za utani hazimpendezi mwalimu wala mwajiri.

2. Fungua mwenyewe. Usimwachie mwenye duka la intaneti akufungulie kwa namba yake ya simu. Siku ukisahau neno la siri, ujumbe wa kurudisha utakwenda kwake. Weka namba yako mwenyewe. Tangu 2019 wakimbizi nchini Uganda wamekubaliwa kusajili laini kwa karatasi zao za ukimbizi.

3. Neno la siri usimpe mtu, hata rafiki anayekusaidia kuandika. Mwandike yeye, lakini neno la siri bonyeza wewe.

4. Andika kwanza kwenye karatasi. Dukani unalipia muda. Mwenye barua tayari mkononi hutumia dakika kumi, na mwenye kufikiria pale pale hutumia saa nzima.

5. Jaza mstari wa kichwa cha barua. "Safari ya Budondo, tarehe 15" ni bora kuliko "Habari".

6. Jibu hata kwa mistari miwili. "Nimepata, nitakujibu Jumamosi" inamtuliza aliyekuandikia. Ukimya unamfanya afikiri umepatwa na jambo.

7. Fungua barua zako angalau mara moja kwa wiki, na uangalie pia sehemu ya barua taka, kwa maana majibu ya vyuo wakati mwingine huangukia humo. Kampuni ya Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na barua na picha zote zilizomo. Wakazi wengi wanahifadhi humo picha za vyeti. Usiiache ilale.

8. Ukiandikia watu wengi pamoja, tumia nafasi ya anwani zilizofichwa. Miongoni mwetu wapo wanaojificha na watu wabaya. Si haki kumtangazia kila mtu anwani ya mwenzako.

9. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kabisa. Kufunga kioo cha kompyuta siyo kutoka.

ASIYE NA SIMU WALA ANWANI

Kama hujui jamaa yako yuko wapi, au alipo hakuna mtandao, iko huduma ya Msalaba Mwekundu. Barua ya Msalaba Mwekundu ni fomu fupi ambayo unaandika habari za familia tu: nani mzima, nani amezaliwa, nani amefariki, tuko wapi. Usiandike siasa, vita wala mambo ya majeshi. Barua hiyo haifungwi, na inaweza kusomwa kabla ya kupelekwa. Hailipiwi. Fedha na vifurushi haviingii humo.

Kazi hii ni ya zamani. Mwaka 1870, wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia, Msalaba Mwekundu ulifungua ofisi mjini Basel, Uswisi, ya kuwapatia jamaa habari za askari waliojeruhiwa na waliotekwa. Maziwa Makuu baada ya 1994 iliwasaidia watoto wengi kuwapata wazazi wao.

Ukijaza fomu ya kumtafuta mtu, toa jina lake kamili, jina la baba na la mama, mahali alipozaliwa, na mahali mlipoonana mwisho. "Yuko Mbale" haitoshi. Yuko karibu na soko gani, kanisa gani au msikiti gani? Mwishoni mwa Julai 2022 mvua kubwa ilileta mafuriko Mbale na mto Nabuyonga ukavunja kingo zake. Siku kama hizo, mwenye maelezo ya mtaa na jina la jirani ndiye anayepata habari mapema.

KABLA YA KUSAFIRI

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kutembea nchini, lakini kwa kufuata taratibu. Kabla ya kuondoka fanya haya:

- Nenda ofisi ya mkuu wa makazi, iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, uombe barua ya safari. Eleza unakwenda wapi na unarudi lini. Nenda siku kadhaa mapema, si asubuhi ya safari.

- Chukua kitambulisho chako halisi. Nakala acha nyumbani kwa mtu unayemwamini.

- Uliza tarehe za mgao, za kliniki na za mahojiano. Katika uhakiki mkuu wa 2018, kila mkimbizi alitakiwa kufika mwenyewe kwa alama za vidole na mboni za macho. Jambo la namna hiyo ndugu hawezi kukufanyia.

- Mwachie jirani habari za safari yako na namba ya unakokwenda.

Njia yenyewe ni hii. Kutoka Bweyale unapita Kigumba, Kafu na Luweero hadi Kampala, zaidi ya kilomita 200. Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80, kupitia Mukono, Lugazi na msitu wa Mabira. Utavuka Nile kwa daraja jipya lililofunguliwa Oktoba 2018. Budondo iko kaskazini ya Jinja, ukingo wa mashariki wa mto. Sehemu hii ya mwisho patana bei kabla ya kupanda boda.

Anayeendelea Mbale ana safari ya kama kilomita 150 kutoka Jinja. Magari hupita Iganga, kisha Nakalama na Tirinyi. Mengine huzunguka kwa Bugiri na Tororo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Neno moja la tahadhari. Ukiwa Mbale au Tororo, mpaka wa Kenya u karibu, na hamu ya kuona nyumbani ni kubwa. Usivuke kimya kimya. Kwenda nchi nyingine kunahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, na kwa kawaida hati hiyo haitumiki kurudia nchi uliyoikimbia. Ukirudi huko bila ushauri, hadhi yako ya ukimbizi inaweza kuulizwa. Kama kuna msiba au jambo zito, onana kwanza na afisa wa ulinzi wa wakimbizi.

JIHADHARI NA MATAPELI

Wako wanaoandika barua pepe nzuri sana wakisema jina lako limetoka kwenda Kanada au Marekani, utume fedha kidogo za fomu. Huo ni uongo. Kuhamishiwa nchi ya tatu hakulipiwi, wala fomu zake haziuzwi. Anwani za UNHCR huishia na unhcr.org. Ikiwa barua imetoka kwenye anwani ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua, usiijibu. Lakini hata anwani inayoonekana sawa inaweza kughushiwa. Basi usitume picha ya kitambulisho wala fedha. Leta barua hiyo ofisini uionyeshe.

KUMBUKA

Andika siku, tarehe, saa, mahali na siku ya kurudi. Jibu unapoandikiwa. Tunza neno lako la siri. Usisafiri bila barua. Usilipie kinachotolewa bure.

Asiyejua kuandika asione haya. Aje na mtoto wake au jirani anayemwamini, aseme maneno yake, na mwenzake ayaandike kama yalivyosemwa. Kisha asomewe tena kabla ya kutuma.