Posileni Si Maharage

"Mhandisi, vigae tuliviloweka usiku kucha, mbona vimebanduka?"

Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Safari hii ni baraza la nyumba moja Kigamboni: vigae vya posileni vya sentimita 60 kwa 60, havijamaliza mwaka. Nikavigonga kwa sarafu, ko, ko, ko, chini kutupu. Nikapenyeza tindo pembeni, kimoja kikainuka kizima. Mgongo wake ulikuwa safi kama sahani iliyotoka kuoshwa. Saruji yote imebaki chini, imechapwa vimiraba vya mgongo wa kigae kama muhuri.

Tuelewane. Kuloweka kulikuwa na maana kwa vile vigae vyepesi vya ukutani, vya jikoni na bafuni. Vile vimejaa vitundu, na maji vinayokunywa huzidi asilimia 10 ya uzito wake. Ukivibandika vikavu hunyonya maji ya saruji kabla haijashika, nayo hubaki unga. Ndiyo maana fundi wa zamani hakukosa pipa la maji, na alikuwa sahihi. Tatizo ni mwanafunzi wake, aliyerithi pipa bila kuuliza lilikuwa la nini.

Posileni huchomwa kwenye nyuzi 1,200 hivi za selsiasi, mpaka udongo unakaribia kuwa kioo. Kwa viwango vya kimataifa, maji inayokunywa hayatakiwi kuzidi asilimia 0.5 ya uzito. Piga hesabu: kigae cha 60 kwa 60, unene sentimita moja, kina kilo 8 na nusu hivi. Hata kikinywa mpaka mwisho, ni gramu 40 na ushee, yaani vijiko vitatu vya chakula. Watu wamekesha na pipa kwa ajili ya vijiko vitatu! Tena kigae kinatoka na utando wa maji mgongoni, na saruji inayougusa inageuka uji.

Ndipo anakuja mjuzi wa pili: "Paka saruji tupu mgongoni." Wa tatu: "Ongeza mfuko mmoja." Jamani! Saruji hushika kwa kujikita kwenye vitundu, na hapa vitundu hakuna. Ukiizidisha, itasinyaa zaidi ikikauka. Sebuleni unaweza kuponea kwa miaka. Nje kuna jua. Mita 10 za vigae zikipanda joto kwa nyuzi 30 hurefuka milimita 2 hivi, na kisichoshika chini kitainuka tu.

Bado unabisha? Dondoshea maji mgongoni mwa kigae, ukanywe chai. Ukirudi utayakuta palepale.

Sasa ya kufanya, haraka haraka. Nunua gundi ya vigae yenye alama ya C2 kwenye mfuko, si C1; kwa nje iwe na S1 pia. Futa vumbi jeupe la kiwandani mgongoni kwa kitambaa chenye unyevu. Paka gundi chini kwa mwiko wa meno, na mgongoni pia. Yale mabonge matano, manne pembeni na moja katikati, yakome. Acha milimita 5 kati ya kigae na kigae, na kila mita 3 au 4 weka mwanya wa silikoni. Mteremko: sentimita moja na nusu kwa kila mita. Uso uwe wa kutoteleza, daraja la R11 au zaidi. Vinavyong'aa ni vya sebuleni. Vya unene wa milimita 20 vinaweza kulazwa juu ya kokoto iliyoshindiliwa, bila gundi, mahali pa kutembea kwa miguu. Gari linapita? Mwaga zege kwanza. Bajeti haitoshi? Weka pevingi, hakuna aibu.

Mwenye nyumba wa Kigamboni ana bahati moja: kisichoshika hutoka bila kuvunjika. Tutachimbua ile saruji, tuvirudishe vigae vyake vilevile, kwa gundi, vikiwa vikavu.