Vitabu Vyako Vimelala Tabora

Msomaji mpenzi, kama unakaa Usoke, au Urambo, au kijiji chochote cha kandokando ya reli ile iendayo Kigoma, nakuuliza swali moja: mara ya mwisho ulipokwenda Tabora ulifuata nini? Pengine ulimpeleka mgonjwa hospitali. Pengine ulifuata fedha za tumbaku, au mnyororo wa baiskeli, au uliitwa kwa shauri la shamba. Ukapita sokoni, ukanunua sabuni na viatu vya watoto, ukarudi. Je, uliingia katika Maktaba ya Mkoa? Najua wengi watajibu, "Mimi nifuate nini kule? Kule ni kwa wanafunzi na maofisa." Basi maneno yangu ya leo ni kwa mtu huyo aliyejibu hivyo.

Wazee wetu wa Unyamwezi walisifiwa kote kwa kazi ya upagazi. Walichukua pembe mpaka pwani, wakarudi na nguo na shanga, na njia yao ilipita Tabora kwenda Ujiji. Katika mizigo hiyo siku nyingine zilikuwamo barua. Yule mzungu Livingstone alikuwa Ujiji, mgonjwa na maskini, hana habari za kwao, na kumbe mfuko wa barua zake umekwisha kufika Unyanyembe, yaani hapa hapa Tabora. Juu ya mfuko huo iliandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulilala hapo, wala hapakuwa na mtu wa kuupeleka mbele, mpaka Stanley alipouchukua akampelekea mwaka 1871 ulipokuwa unakaribia kwisha. Mwaka mzima maneno yaliyokuwa yake yalilala ndani, naye anayatamani!

Nimekumbuka habari hiyo kwa sababu sisi nasi tumo katika hali ile ile. Vitabu vimefika Tabora, vimepangwa rafuni. Kinachokosekana ni mtu wa kuvichukua.

Usidhani vitabu hivyo ni vya wenyewe. Kabla ya Uhuru, East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa ikipeleka makasha ya vitabu mahali mahali, na wasomaji wengine wakaletewa vitabu kwa posta. Mwaka 1963 ikatungwa sheria ya maktaba za Tanganyika. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sikukuu ya Uhuru, Mwalimu Nyerere mwenyewe alifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam. Tangu sheria ya mwaka 1975 kazi hiyo imo mikononi mwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na fedha za serikali, yaani kodi yako wewe unayenunua sabuni na sukari, zimo ndani yake. Mtu aliyekwisha kuchangia kisima, halafu akanywa maji ya dimbwi, utasemaje juu yake?

Sasa tuje kwenye kadi. Yeyote aweza kuomba kukaa ndani ya maktaba akasoma, lakini mtu wa Usoke hawezi kukaa Tabora wiki nzima kwa ajili ya kitabu kimoja. Kadi ndiyo inayokupa ruhusa ya kuondoka nacho. Kwa kawaida utajaza fomu, utaleta picha zako, utatafuta mdhamini anayejulikana, na kulipa ada ya mwaka ambayo utatajiwa mezani. Mkutubi ataandika tarehe ya kurudisha, nawe utatoka mlangoni na kitabu kwapani.

Hebu fikiri jambo hilo kidogo. Dukani huwezi kuchukua hata kibiriti kwa mtu asiyekujua. Hapa unakabidhiwa mali yenye thamani kubwa kuliko ada uliyotoa, kwa imani tu kwamba utairudisha. Ukiazima vitabu viwili kila mwezi, mwaka utakwisha umesoma 24. Ni nani kati yetu anayeweza kununua vitabu 24 kwa mwaka, tena bado ana karo na mbolea?

Yuko kijana nyumbani kwako aliyemaliza kidato cha nne na matokeo yake hayakuwa mazuri. Anakaa barazani, anaona haya. Aweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini vitabu vya masomo ni ghali, na shule aliyotoka haimwazimi tena. Kwa kijana huyo kadi si pambo la mfukoni. Pengine ndiyo njia pekee aliyo nayo ya kukaa tena mbele ya kitabu cha hesabu. Mzazi usimwambie tu, "Soma." Mwulize, "Utasoma nini?" Halafu mpe nauli.

Na wewe mkulima wa tumbaku unayekesha karibu na bani lako, na wewe mrina asali unayebandua gome la mti mzima ili upate mzinga mmoja, mti ukafa nyuma yako, mambo haya yote yameandikwa: namna ya kutunza udongo, mizinga ya mbao, miti ya kuni ikuayo upesi. Tabora ni mji wenye hata Chuo cha Ufugaji Nyuki. Sisemi kwamba kitabu kinajua shamba lako kuliko wewe. Nasema kinaweza kukuonya kabla hujapata hasara ambayo mwingine amekwisha kuipata.

Kweli, si kila utakachotaka utakiona. Utakuta vitabu vilivyochakaa, na vingine vya Kiingereza kizito. Uliza mezani hata hivyo. Mkutubi anayeulizwa hujua watu wanataka nini. Asiyeulizwa hukaa akipanguza vumbi.

Lakini najua lipo jambo moja linalowazuia wengi kuliko ada na nauli. Ni hofu ya faini. Juu ya hofu hiyo mimi ni shahidi. Nilipokuwa kijana, nikifanya kazi mbali na nyumbani, niliazima kitabu cha useremala katika maktaba moja. Nikakifunga kwenye keria ya baiskeli, mvua ikaninyeshea njiani. Nilikianika juu ya moto, kikavimba kama andazi. Nikaogopa. Nikakificha chini ya kitanda, na kwa muda wa miaka miwili nikawa nazunguka njia ya nyuma nifikapo mjini, nisiione ile nyumba. Miaka miwili sikusoma kitu, na meza nilizotengeneza zilicheza miguu kama ndama aliyezaliwa jana.

Mama yangu alipokuja kunitembelea akafagia uvunguni, akakitoa. Akaniuliza, "Hiki ni chako?" Nikasema, "Hapana, mama, ni cha watu." Hakusema neno jingine. Akakipanguza, akakiweka juu ya meza mbele ya chakula changu, nami chakula hakikushuka. Kesho yake nikaenda. Yule mzee wa mezani alikifungua, akacheka, akaniambia bei. Nililipa kwa mara mbili. Nilipomaliza, akafungua mtoto wa meza akanirudishia kadi yangu, akaniuliza sasa nataka kipi. Ndugu msomaji, kama unacho kitabu namna hiyo uvunguni mwako, kipeleke wiki hii hii.

Sasa neno juu ya umbali. Si lazima kila mtu wa Usoke apande basi. Mmoja mwenye kadi akienda Tabora kwa shughuli zake, na arudi na kitabu ambacho watu wa nyumbani watasomewa jioni. Mwanafunzi anayesoma mjini aweza kufanya hivyo anapokuja likizo. Lakini kumbuka kwamba kitabu kimeandikwa kwa jina la mwenye kadi. Jirani akikipoteza, wewe ndiwe utakayeulizwa. Kwa hiyo kisomwe nyumbani kwako, mwite jirani aje akae.

Na mvua za Novemba zikianza, kikunje kwanza ndani ya kipande cha turubai, ndipo ukifunge kwenye keria.