Mteja anapita mlangoni kwako: somo la kuuza kutoka milima ya Harz

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo twende Ujerumani kidogo. Kuna somo huko la bure kabisa.

Katikati ya nchi hiyo kuna milima yenye misitu inaitwa Harz. Kilele chake kirefu, Brocken, kina mita 1,141. Kuna njia ya baiskeli inayoizunguka milima yote, Harzrundweg, zaidi ya kilomita 300. Haipandi kileleni. Inapita pembeni, mji kwa mji: Goslar, Wernigerode, Thale, Osterode, mpaka unarudi ulikoanzia. Zamani mzunguko huo usingewezekana, maana mpaka wa Ujerumani mbili ulikata Harz: Goslar Magharibi, Wernigerode Mashariki. Mpaka ulifunguliwa 1989.

Sasa mwangalie mteja wa njia hii. Anaendesha mchana, jioni anatafuta pa kulala, asubuhi anasepa. Na kwa kuwa njia ni duara, hakuna mji ambao ndio mwisho wa safari. Anaweza kuanzia popote na kulala popote. Akiona kwako hakueleweki, anakanyaga pedali mpaka mji wa mbele. Hela imepita hivyo, na wewe hata hujui kama ilipita.

Wenye gesti wanampataje? Mwaka 1995 chama cha waendesha baiskeli cha Ujerumani, ADFC, kilianzisha alama inaitwa Bett+Bike, yaani kitanda na baiskeli. Ukitaka kuibandika mlangoni, lazima utimize masharti. Baadhi ni haya:

1. Unampokea mgeni hata wa usiku mmoja.
2. Una sehemu ya kufungia baiskeli kwa usalama.
3. Una mahali pa kukaushia nguo zilizolowa.
4. Unampa chai ya asubuhi ya kushiba.
5. Una vifaa vya matengenezo madogo.

Umeona? Hakuna “huduma bora” wala “karibuni wote”. Kila sharti linajibu wasiwasi mmoja. Nikilala, baiskeli itaibiwa? Nimenyeshewa, kesho nitavaa nini? Mgeni akiiona ile alama, maswali yake yameshajibiwa kabla hajagonga mlango.

Rudi kwenye ukurasa wako. Mteja anaperuzi, vidole viko mbio kuliko hiyo baiskeli. Anaona kiatu kizuri, chini umeandika: “Viatu vikali, bei njoo inbox.” Wachache watakuja. Wengine wataenda duka la pili, na hutajua kama walikuwepo.

Jaribu hivi: “Raba za kike, saizi 37 mpaka 41. Bei 35,000. Tupo Kariakoo. Kwa Dar, ukiagiza kabla ya saa 8 mchana unaletewa leo, unalipa ukishaziona. Mkoani tunatuma kwa basi na unapewa risiti. Saizi ikigoma, tunabadilisha ndani ya siku 3.”

Hayo maneno ndiyo banda lako lenye kufuli na kamba yako ya kuanikia nguo.

Utajuaje uandike nini? Usibuni. Fungua inbox yako, soma meseji 20 za mwisho za wateja, andika pembeni maswali yanayojirudia. Mara nyingi ni yale yale: bei, saizi, mko wapi, delivari shilingi ngapi, nalipa kabla au baada. Chukua matano ya juu, yajibu kwenye posti moja, ibandike juu kabisa ya ukurasa. Kisha bei na saizi ziwepo kwenye kila picha ya bidhaa.

Angalizo moja. Usiahidi usichoweza. Mwenye gesti akisema ana banda la kufungia halafu mgeni akakuta uwanja wazi, wageni wa njia hiyo wanakutana kila kituo na habari itamtangulia. Kama delivari ya siku hiyo hiyo huiwezi, andika “kesho”. Mteja anavumilia kesho ya kweli kuliko leo ya uongo.

Kazi ya leo: meseji 20, maswali 5, posti 1. Halafu mtumie hii yule rafiki yako anayeandika “bei inbox” kila siku.