Swali la Takaungu Lililokwisha Kuulizwa

Haya wanangu, sogeeni. Tuseme mwalimu amekutaka uandike historia ya Takaungu, mji wetu huu wa pwani ya Kenya. Unachukua daftari, mbio mpaka kwa mzee wa kwanza utakayemkuta barazani. "Shikamoo babu. Mji huu ulianzaje?" Naye atakueleza kwa raha zake: Sultani Seyyid Said alipowashinda Mazrui, waliokuwa watawala wa Mombasa, mwaka 1837, wengine wao walishika njia ya Gazi, wengine wakaja huku kwetu. Unarudi nyumbani unajiona mtafiti.

Kumbe Peter Koffsky alikutangulia. Mwaka 1977, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alikamilisha tasnifu ya uzamifu juu ya Takaungu hii hii, tangu 1830 hadi 1896. Tasnifu nzima! Nawe una kurasa tano.

Msinune. Kusoma waliokutangulia kabla hujasema lako ndiko kunakoitwa mapitio ya maandishi. Wengi huyafanya kama anayelipa faini: hupanga majina ya vitabu, basi. Mvuvi mgeni hategi dema kabla ya kuuliza wenyeji wametega wapi. Asipouliza, ataopoa dema la mwenziwe, na hapo ataitwa mwizi hata kama hakukusudia.

Tena usisome mmoja ukaridhika. Chukua vita vya 1895. Liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki, Waingereza wakamtaka mwanawe Rashid, wengine wakasema haki ni ya Mubarak bin Rashid. Mbaruk mwingine, yule wa Gazi, naye akaingia, moto ukawaka pwani nzima hadi 1896. Katika barua za Waingereza hayo ni uasi. Aliyeona ni haki ya kurithi angetumia neno hilo? Kisha mfungue Fred Morton, kitabu chake cha 1990: pwani ni ile ile, miaka ni ile ile, lakini anaowafuata ni watumwa na watoro waliokimbia mashamba. Ukiwaweka waandishi hawa pamoja, wanaanza kubishana, nawe unasikia nani hajapewa nafasi ya kusema.

Na mwaka ule Koffsky alipoishia, umeuona? 1896, vita vilipokwisha. Yaliyofuata ndiyo nafasi yako.

Sasa rudi kwa babu. Safari hii usimwulize mji ulianzaje. Mwulize baada ya vita mashamba yalibaki mikononi mwa nani, na waliokuwa wakiyalima walikwenda wapi. Na shikamoo usiisahau.