Je, Wajua? Lugha ya Taa, Matawi na Honi Nyanda za Juu Kusini

Je, wajua kwamba matawi mabichi yaliyolala kwenye lami kati ya Mafinga na Makambako ni alama ya barabarani, tena yenye heshima kuliko vibao vingi vya chuma? Lori likiharibika, utingo anashuka na panga, anakata matawi porini na kuyapanga nyuma na mbele ya gari, tawi la kwanza mbali kabisa ili anayekuja apate muda wa kufikiri. Sheria inataka pembetatu nyekundu zinazong'aa. Pembetatu zipo, ila madereva wengi wanazihifadhi ndani ya kebini, kwa sababu ukiitega barabarani usiku huenda asubuhi usiikute. Tawi haliibwi. Kasoro ya tawi ni kwamba giza likiingia halionekani mpaka uwe juu yake, na kasoro ya binadamu ni kwamba gari likishapona anaondoka zake na kuyaacha pale pale, pamoja na mawe aliyozuilia matairi. Tawi lililosahauliwa halimdhuru mtu. Jiwe lililosahauliwa kwenye kona ya Ifunda saa nane usiku ni kesi nyingine.

Je, wajua kwamba indiketa ya lori lililo mbele yako mara nyingi haisemi lori linakokwenda? Inakusemesha wewe. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo basi likikwama nyuma ya semi linalopanda taratibu, dereva wa semi akiwasha indiketa ya kushoto anasema: pita, mbele kweupe. Akiwasha ya kulia anasema: tulia, kuna chombo kinakuja. Usiku ya kulia inapata kazi ya pili. Magari mawili yakikaribiana, kila dereva anaiwasha kidogo kumwonyesha mwenzake ubavu wa gari lake unapoishia. Haya hayamo kwenye mtihani wa leseni. Pale indiketa ya kushoto ina maana moja tu, kwamba nakwenda kushoto, na hapo ndipo shida inapoanzia: je, huyu ananiruhusu nipite, au anataka kusimama tu anunue mkaa? Wengi wameijibu hesabu hiyo vibaya. Aliyekupa ruhusa kwa moyo mweupe hayumo ndani ya gari lako, na mbele ya hakimu ruhusa yake haina uzito wowote.

Je, wajua kwamba gari linalotoka mbele likikupigia taa mara mbili mchana, halikutukani? Linakuambia trafiki wapo, pengine na ile kamera ya mwendo ambayo nchi nzima inaiita tochi. Dereva asiyewaonya wenzake huonekana mchoyo. Nikiri kwamba kwenye jambo hili siwaungi mkono wema hao, maana taa ile ile inayomwokoa baba wa watu na faini inamwokoa pia anayekimbiza Haisi iliyojaa wanafunzi.

Na je, wajua faini yenyewe? Shilingi 30,000 kwa kosa. Ukitoka Ilula kwenda Mbeya unapita kijiji baada ya kijiji, Tanangozi, Ifunda, Igawa, Chimala, Igurusi, na karibu kila kimoja kina kibao cha 50, kisha rasta, kisha tuta, kisha kibao cha kumaliza 50. Wazoefu wanajua kwamba penye kishawishi ni hatua mia za mwisho, unapokiona kibao cha kumalizia lakini hujakifikia. Trafiki nao wanajua.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya adabu hizi za barabara kuu ilifanyiwa mazoezi kwenye tope? Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Zambia, iliyozoea kupitisha mizigo kusini, ikalazimika kugeukia Dar es Salaam. Mafuta yakapandishwa kwenye mapipa, shaba ikateremshwa, yote yakipita Iringa na Mbeya kwenye barabara ya udongo ambayo mvua ikinyesha ilikuwa inameza malori. Kampuni ya pamoja ya Zambia na Tanzania iliyoanzishwa 1966 ilileta malori ya Fiat kutoka Italia. Njia ikapewa jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu, na aliyewahi kuona picha za malori yaliyobiringika kwenye makorongo hataulizia sababu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi 1968 mapipa yakapungua, lami ikafika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976. Ila katikati hapo kilizaliwa kizazi cha madereva waliojua kwamba ukikwama, wa kukutoa ni mwenzako anayekuja nyuma. Hakukuwa na mwingine wa kumpigia.

Je, wajua kwamba Kitonga ina sheria zake? Mlima huo wa wilayani Kilolo, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, una ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Utingo wa zamani alikuwa anapanda Kitonga kwa miguu, gogo mkononi, akitembea karibu na tairi la nyuma ili gari likizidiwa alizuie kabla halijarudi. Kanuni ya wazee wa usukani haijabadilika: shuka na gia ambayo ungepandia. Vijana wanaoibeza huweka gia huru ili kuokoa dizeli, na wengine huzima injini kabisa. Hebu tulifungue hilo. Gia ikiwa huru, injini haishikilii gari, mzigo wote unaachiwa breki. Breki zikishapata moto zinapoteza mshiko. Injini ikizimwa, pampu inayojaza upepo wa breki nayo imesimama, kwa hiyo kila unapokanyaga unatumia akiba isiyorudishwa, na usukani unakuwa mzito katikati ya kona. Lita mbili tatu zilizookolewa hazinunui hata mbao za jeneza. Mlima Nyoka wa Uyole na mteremko wa Inyala imewahi kufundisha somo hilo hilo kwa gharama kubwa.

Je, wajua kwamba honi fupi, moja tu, ukiisikia kwenye barabara ya Tukuyu au Kilolo vijijini, yawezekana ni salamu? Dereva amemwona mzee anayemfahamu. Uheheni na Ubena salamu ni "Kamwene", Unyakyusani ni "Ugonile", na konda anayeanza safari kwa kudai nauli kabla ya kusalimia atasemwa mpaka mwisho wa ruti. Anayepanda na kukuta wazee anaanza na shikamoo, hata kama mguu mmoja bado uko nje na gari limeshaondoka.

Je, wajua kwamba Wanyakyusa walikuwa na kanuni kali za kupishana njiani kabla ya gari la kwanza kufika Rungwe? Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, na Monica akaandika kwenye kitabu chake cha 1951, Good Company, jinsi mwanamke aliyeolewa alivyopaswa kumwepuka baba mkwe. Akimwona anakuja, aliacha njia, akajificha pembeni mpaka mzee apite, bila kumtazama. Mkwe na mke wa mwanawe hawakutakiwa kukutana uso kwa uso. Sasa iweke kanuni hiyo ndani ya Haisi ya Kiwira, viti vya watu watatu vikikaliwa na wanne, magoti yakigusana, na konda akisema "jisogezeni, nafasi ipo." Daladala imevunja miiko mingi ambayo mahubiri hayakuweza kuivunja.

Je, wajua kwamba mtoto usiyemjua anaweza kukaa mapajani pako kutoka Mwanjelwa hadi Uyole bila mama yake kukuuliza jina? "Nipakatie" inatosha. Mzigo wa aliyesimama hupokelewa na aliyekaa. Mzee akiingia, kijana anayejifanya anasoma simu atasikia sauti kutoka nyuma: "Mpishe baba akae." Sauti hiyo haina mwenyewe, na hakuna anayeibishia.

Lakini je, wajua kwamba abiria hao hao, wenye ujasiri wa kumwinua kijana kwenye kiti, hunyamaza dereva akilipita lori kwenye kona? Mimi naona ni adabu hiyo hiyo imegeuka upande. Dereva anaitwa suka, anaheshimiwa kama fundi, na kumkosoa fundi akiwa kazini ni ufidhuli. Ndiyo maana trafiki hupanda kwenye mabasi kuwatangazia abiria namba za simu za kupiga, na ndiyo maana iliwahi kuanzishwa kampeni ya "Abiria Paza Sauti". Jina lenyewe linakiri kwamba sauti haikuwepo. Siku hizi kuna kisichoona haya: kifaa cha LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, cha kufuatilia mwenendo wa mabasi, ambacho mwendo ukizidi kinapiga kelele ndani ya gari na taarifa inafika ofisini.

Je, wajua kwamba safari ya basi inayozidi saa nane inatakiwa kuwa na madereva wawili? Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Piga hesabu.

Je, wajua kwa nini dumu la ulanzi halifungwi kifuniko mpaka mwisho? Pombe hiyo ya mianzi, inayogemwa Iringa na Njombe msimu wa mvua, haiachi kuchacha eti kwa sababu imepanda basi. Inaendelea kutoa gesi njiani. Ukikaza kifuniko, joto la buti na mitikisiko vinafanya yaliyobaki, na nguo za abiria wenzako zitanukia ulanzi hadi Dar es Salaam. Mstaarabu hulegeza kifuniko, husimamisha dumu wima, na humwambia konda mapema kilichomo.

Je, wajua kwamba kwenye safari ndefu hakuna anayesema anataka kujisaidia? Anasema anataka kuchimba dawa. Basi linasimama porini, watu wanatawanyika, kila mmoja anageuka kipofu kwa dakika tano, kisha honi inawarudisha. Mamlaka zimekemea sana desturi hii, na zina haki, kwa afya na kwa usalama. Ila anayekemea angekagua kwanza choo cha baadhi ya vituo vya mabasi.

Je, wajua kwamba ukikutana na msafara unaotembea taa zikiwaka mchana na kitambaa chekundu kwenye gari la mbele, hupaswi kuukata? Huo ni msiba. Barabara ya kwenda Rungwe na Kyela inabeba misiba mingi, kwa sababu Mnyakyusa akifia mjini nyumbani wanamsubiri, na kutohudhuria mazishi ni kosa ambalo ukoo hulitunza kumbukumbu. Malori makubwa kabisa hupunguza mwendo, na bodaboda wa Ushirika ama Katumba huvua kofia yake. Harusi ni kinyume chake. Matarumbeta kwenye pikapu, mpiga picha ameketi nyuma akitazama anakotoka, honi hazikomi, na msafara unachukua nusu ya barabara kana kwamba umeilipia. Kila mtu analalamika, na kila mtu atafanya hivyo hivyo siku ya harusi ya mwanawe.

Je, wajua kwamba Jumatano, Machi 11, 2015, kontena liliangukia basi pale Changarawe, Mafinga, na kuua watu zaidi ya 40? Wenyeji bado hupunguza mwendo pale. Hakuna kibao kinachowaambia wafanye hivyo.

Je, wajua kwamba bajaji ya Mbeya haifanani kazi na ile unayoikodi peke yako Dar es Salaam? Huku nyingi zinakwenda kwa ruti, kila abiria analipa kiti chake, na wa mwisho anabanana na dereva mbele. Dereva akishika usukani, kiwiko chake kinakuomba radhi kila kona.

Je, wajua kwamba kwa takribani miaka 30 mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha? Marufuku ya miaka ya 1990 ililenga kupunguza ajali, ikazaa desturi yake: kuamka saa tisa, kugombania kuondoka alfajiri, na kukimbizana na saa ili basi lifike kabla halijakatazwa. Juni 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kuiondoa, na miezi michache baadaye LATRA ikaanza kutoa ratiba za saa 24. Abiria wa Mbeya sasa anaweza kupanda jioni. Na yale matawi, kama nilivyosema, hayang'ai usiku.

Je, wajua kwamba dereva wa Mbeya anayepeleka mzigo Kolwezi anabadili upande wa barabara akiwa njiani? Tanzania na Zambia wanaendesha kushoto, kwa hiyo Tunduma anavuka bila kugeuza chochote. Kongo wanaendesha kulia. Akishavuka Kasumbalesa, usukani wake uko upande wa ukingo, hamwoni anayekuja mpaka amechungulia, na anamtegemea utingo aliyekaa kushoto amwambie kama njia iko wazi. Na ile indiketa ya "pita, mbele kweupe"? Huko inabidi awashe ya kulia.