Mavazi ya shambani Masasi na Newala: kinga ya baridi, salfa na mvua

Kuanzia mwezi Juni, upepo wa kusi unapoleta baridi ya kipupwe, wakulima wa korosho wa Masasi na Newala, mkoani Mtwara, huamka kabla ya jua kuchomoza kwenda kupulizia salfa. Saa hizo upepo huwa umetulia, na umande husaidia unga kushika kwenye majani. Salfa huikinga mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia machipukizi na maua.

Alfajiri hiyo, hata hivyo, ndiyo yenye baridi kali zaidi, hasa Newala, iliyo ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo, vazi la mpuliziaji lina kazi mbili: kumpa joto na kumkinga dhidi ya vumbi la salfa. Kazi hizo zisipotenganishwa, moja huharibu nyingine. Sweta linalovaliwa juu ya nguo nyingine hunasa unga katika nyuzi zake, na mvaaji akirudi nalo nyumbani huufikisha kwenye matandiko na kwa watoto. Salfa huwasha macho na ngozi, hususan ngozi yenye jasho, na ikivutwa huleta kikohozi. Mwenye pumu huathirika zaidi.

Njia iliyo salama ni kuvaa sweta ndani na ovaroli juu yake. Asiye na ovaroli avae shati la mikono mirefu na suruali ya kitambaa kizito, vifungo vikifungwa hadi shingoni. Miguuni zinafaa buti za mpira, na suruali ishuke nje ya buti ili unga usiingie ndani. Kofia, glavu, miwani inayoziba pembeni na barakoa ya kuzuia vumbi hukamilisha vazi hilo. Kipande cha kanga kilichofungwa puani hakitoshi, kwa kuwa unga wa salfa ni laini na hupenya.

Salfa pia hushika moto kwa urahisi. Mpuliziaji hapaswi kuvuta sigara wala kuota moto akiwa na nguo zenye unga, hata baridi iwe kali kiasi gani. Baada ya kazi avue nguo hizo nje ya nyumba, aoge, na zifuliwe peke yake. Uwandani, ambako maji yamekuwa adimu kwa miaka mingi, kutenga vazi moja kwa ajili ya kupulizia tu hupunguza wingi wa nguo za kufua.

Wakati wa kuokota korosho, kuanzia Oktoba, joto huwa limepanda. Hapo hufaa nguo nyepesi za pamba zenye mikono mirefu na kofia pana. Viatu vibaki vya kufunika mguu mzima, kwa sababu nyoka na nge hujificha chini ya majani makavu. Kandambili na makatambuga haviwezi kuwazuia.

Mvua za msimu, zinazonyesha kati ya Novemba na Aprili, huhitaji koti la mvua na gambuti zenye soli ya meno, kwa kuwa njia za miteremkoni huteleza. Gambuti zikaushwe kila siku na kukung'utwa kabla ya kuvaliwa.

Kwa wanaoajiri vibarua, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi vifaa kinga. Gharama ya barakoa na buti, kwa hiyo, ihesabiwe pamoja na gharama ya salfa yenyewe tangu maandalizi ya msimu. Wakulima wanahimizwa pia kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla ya kupanga siku ya kupulizia, kwani upepo ukivuma, hata aliyevaa vizuri hupaswa kuahirisha kazi.